Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kazi ya saluni: kusuka, dawa, pesa na mambo ya serikali

Maswali ni yaleyale kila wiki, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote na mtu akiniuliza namtumia tu. Mimi niko Dar, kazi yangu kubwa ni kusuka na kuweka dawa ya kunyoosha nywele, mekapu na kucha nafanya ila sio sana so huko ntapita haraka. Mtaona majibu mengi yanarudi kwenye mambo mawili, kwamba unachouza kwenye hii kazi ni masaa yako na kwamba kuna vichwa inabidi uvikatae hata kama hela ipo mezani. Mikono mizuri wanayo wengi sana jamani, na wengi wao mwisho wa mwezi hawana kitu.

Nianzie wapi, VETA au nikakae saluni kwa mtu nijifunze?

Zote zinafanya kazi inategemea una hela na una muda gani. VETA wana kozi ya ususi na urembo, inaenda kwa ngazi, unapata cheti cha NVA (tuzo ya taifa ya ufundi stadi) ngazi ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu, na kule utafundishwa vitu ambavyo saluni za mtaani hakuna atakayekufundisha, mfano kwa nini dawa inafanya inachofanya kwenye nywele, ngozi ya kichwa ikoje, usafi wa vifaa. Saluni ya mtaani utajifunza spidi na kuongea na watu. Kama unaenda chuo cha binafsi uliza kwanza kama kimesajiliwa NACTVET, baraza la serikali la vyuo vya ufundi, maana kuna vyuo vina bango kubwa na mahafali ya majoho alafu kile cheti hakina maana yoyote ukikipeleka mahali.

Ukienda kukaa kwa mtu jiandae, mwanzoni utafagia, utaosha vichwa na utafumua rasta. Wengi wanaona kufumua ni kunyanyaswa. Mimi naona kufumua ndo darasa lenyewe, kwa sababu ukifumua unaona kazi ya msusi mwingine baada ya wiki sita, unaona ni wapi alikaza mpaka nywele zikatoka na mizizi, wapi aligawa vibaya, uchafu umeganda wapi. Mtu aliyefumua vichwa vingi anajua kusuka hata kabla hajaanza kusuka.

Nimesuka miaka mingi ila sina cheti, nirudi shule?

Sio lazima. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa watu waliojifunzia kazini, wanakupima unachokijua, wanakuongezea pale ulipo na mapengo na unapata cheti. Nenda chuo cha VETA cha karibu ukaulize lini wanaanza kundi la ususi. Cheti kinasaidia ukitaka kazi ya saluni za hotelini au ukitaka kutoka nje ya nchi, mteja wa mtaani hajawahi kukuuliza cheti na hatakuuliza.

Inachukua muda gani mpaka nijue?

Mikono inatofautiana. Anza na twende kilioni na mabutu, usirukie notlesi (rasta zisizo na fundo kwenye mzizi) kwa sababu umeziona mtandaoni. Kitu cha kwanza ni kugawa njia. Chukua chanuo lenye mkia, kaa nyuma ya mtu, chora mstari kutoka paji la uso hadi kisogoni bila kuunyanyua mkia katikati, kama mstari wako unayumba hata usuke vizuri vipi kichwa kitaonekana kimesukwa gizani. Vichwa vya kufanyia mazoezi ni vya nyumbani, wadogo zako, watoto wa jirani (kipindi cha likizo maana shule nyingi za serikali wananyoa), na kile kichwa cha bandia nacho kinasaidia kwenye mtindo ila hakisemi "unaniumiza", so hutajua mkono wako ni mzito kiasi gani.

Mimi ni mwanaume, nitapata wateja?

Kaka nenda kaangalie Wamasai wanaosuka hapa Dar, Dodoma, Zanzibar. Kwao morani kusukana nywele ndefu ni jambo la kawaida kabisa, wakaleta mkono ule mjini na sikuhizi kuna akina dada wanaotaka rasta ndogondogo hawaendi kwingine. Ila ujue kuna wateja, hasa wa Kiislamu, wanataka saluni ya kina mama watupu yenye pazia mlangoni, hao usiwalazimishe wala usichukie, ni haki yao. Na usisuke huku unamwangalia mteja kwenye kioo, hilo nalo naletewa malalamiko sana.

Nikae kwa asilimia, nilipie kiti au nitafute mshahara?

Hili ndo swali ambalo watu wanalijibu haraka haraka wakaja kulia. Mshahara saluni za kawaida ni nadra, wengi wapo kwa asilimia, yaani ukifanya kazi ya 30,000 mwenye saluni anachukua nusu au zaidi au pungufu kulingana na mlivyoelewana. Kiti ni kwamba unamlipa mwenye saluni kwa wiki au mwezi na unachopata ni chako chote.

Asilimia ni nzuri kama huna wateja wako, kwa sababu siku ukikaa bure hudaiwi. Kiti ni kizuri kama simu yako inaita wewe mwenyewe, na hapo ndo pa kujipima: wiki iliyopita wateja wangapi walikuja wakataja jina lako? Kama ni wachache usikimbilie kiti, utalipa hela ya watu kwa kukaa tu.

Kabla hujaanza ulizeni haya na myaandike hata kwenye WhatsApp: asilimia inakatwa kabla au baada ya kutoa hela ya rasta na dawa? Luku nani ananunua? Mteja akirudi analalamika nani anarudia na kwa hela ya nani? Mteja akilipa kwa lipa namba ya saluni wewe hela yako unaipata lini? Hilo la mwisho linagombanisha watu kuliko yote, unasuka Jumatatu unaambiwa "boss hajatoa", mpaka Ijumaa ushasahau ulisuka vichwa vingapi na yeye hajasahau kukupunja. Uwe na daftari lako. Tarehe, jina la mteja, kazi, bei, basi.

Nipange bei vipi? Naogopa nikipandisha watanikimbia.

Anza na masaa. Tuchukulie notlesi ndogo zinazofika mgongoni unatoza ufundi 35,000 na unatumia masaa saba. Uko kwa nusu kwa nusu, mkononi unabaki na 17,500, gawa kwa saba ni 2,500 kwa saa. Sasa mtoto wa twende kilioni unamtoza 5,000 na dakika 45 umemaliza, nusu yako 2,500, ukiiweka kwa saa nzima ni kama 3,300. Yaani ile kazi kubwa unayoiposti stetasi unajivuna nayo kwa saa inakulipa kidogo kuliko watoto wa twende kilioni. Na hapo bado hujahesabu chakula, na kwamba siku ya notlesi huwezi kupokea mtu mwingine, na kesho yake vidole vinauma.

Sisemi uache notlesi, nasema zipandishie bei kwa saa unazotumia, na mteja mwambie tangu mwanzo kwamba ukubwa na urefu ndo vinabadilisha bei. Muonyeshe saizi tatu kwenye picha na bei zake, achague mwenyewe. Anayekuja na picha ya rasta nyembamba kama sindano na hela ya rasta nene, mrudishe kwenye zile picha tatu.

Kitu kingine mnasahau ni umeme. Draya ya mkono ya wati 2,000 ukiiwasha nusu saa umekula uniti moja. Kwa bei ya kawaida ya luku uniti inafika kama shilingi 356 ukijumlisha na makato, sio nyingi, ila vichwa kumi vya kublow na stima ya mvuke na pasi, jioni unaona luku imekwisha alafu unashangaa hela imeenda wapi. Maji vilevile, yakikatika na huna tenki siku hiyo huoshi kichwa cha mtu, utasuka tu.

Mteja ambaye ni shoga yangu, au anakopa, au anachelewa, nimfanyeje?

Advansi. Hata 5,000 kwa simu kabla ya siku yenyewe, na kwa bibi harusi nusu nzima. Mtu aliyetoa advansi anafika. Wa kukopa mimi nakubali kwa wale wawili watatu ninaowajua miaka na naandika, wengine nawaambia "dada njoo mwezi ukiisha ntakusuka vizuri", hakuna ugomvi. Wa "nifanyie kishikaji" mpe punguzo kwenye siku mbovu kama Jumanne asubuhi, usimpe Jumamosi ya Desemba.

Kuna miezi biashara inakufa kweli?

Ndiyo. Januari ada za shule zimemaliza watu, na mfungo wa Ramadhani kwa huku kwetu unakuwa mkimya alafu wiki ya Idd hulali. Desemba, Pasaka, na misimu ya sendofu na kicheni pati ndo pa kutengeneza hela ya Januari. Wanaofunga saluni mwaka wa kwanza wengi walifungua Februari na hela yote waliweka kwenye marembo ya ukuta.

Mtaji kiasi gani nifungue yangu?

Siwezi kukupa namba moja maana fremu ya Sinza na fremu ya Chanika ni dunia mbili, ila jua kwamba kinachomaliza mtaji ni pango, sio vifaa. Wenye fremu wengi wanataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa hiyo tafuta fremu kwanza, na ukiipata uliza maji yapo, luku ni yako peke yako au mnachangia na duka la jirani, na jua la mchana linapiga upande gani, kwa sababu kichwa kina dawa, draya inawaka na bati halina dari, mteja harudi tena.

Vifaa anza na viti viwili vya maana, kioo, sinki la kuoshea lenye shingo nzuri (la bei rahisi linamuumiza mteja shingo na yeye hasemi, anahama tu), draya ya kichwa moja na ya mkono moja, taulo nyingi, machanuo. Stima, mashine ya kucha, taa ya duara ya kupigia picha vinakuja baadaye. Rasta na mafuta chukua Kariakoo kwa jumla, rangi namba 1 na 1B (zile nyeusi) ndo zinatoka zaidi, zile za bluu na pinki chukua kidogo. Ukiweza anza na kuwafuata wateja nyumbani kwanza, nauli tu na begi, ukiona unakataa watu kwa kukosa muda hapo fremu imeshajilipa kabla hujaipanga.

Leseni, TIN, TRA, mbona vinanitisha?

Havitishi kama ukianza navyo mapema. TIN ni bure, unahitaji namba ya NIDA. Leseni ya biashara unaomba halmashauri kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Mkataba wa pango utaulizwa, na kuna kitu cha kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, kisheria ni ya mwenye nyumba ila wewe mpangaji ndo unaikata na kuipeleka TRA, sasa wenye nyumba wengi wanakwambia "hiyo ni yako mama", kwa hiyo jadili kabla hujasaini. Kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo inaendana na mauzo ya mwaka, chini ya milioni 4 hulipi, ukivuka hapo hadi milioni 7 bila kutunza kumbukumbu ni 100,000 kwa mwaka na inapanda hivyo, viwango hubadilishwaga kwenye bajeti ya Juni kwa hiyo nenda ukaulize cha mwaka huu. Lile daftari nililosema juu linakusaidia hapa pia maana mwenye kumbukumbu anakadiriwa kwa kitu, asiye nazo anakadiriwa kwa macho. Afisa afya wa kata naye atapita, atataka kuona usafi, choo na unavyomwaga maji.

Mkopo: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hauna riba, lakini ni wa kikundi, na kikundi kikiwa na mtu mmoja mjanja mjanja mnalipa wote. Chagua watu kabla ya kuchagua jina la kikundi.

Nina rafiki Mkenya (au Mkongo) tunataka kufungua saluni pamoja Dar.

Soma kwanza. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya biashara kadhaa na saluni imo, isipokuwa ile iliyo ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii. Na Mtanzania anayemsaidia mgeni kukwepa naye anahusika na ana adhabu yake, kwa hiyo usikubali leseni ikae jina lako wakati biashara sio yako. Inauma, maana mitindo mingi tunayosuka hapa tumejifunza kwa hao hao Wakongo na Wakenya, ila ndo hivyo ilivyo.

Mteja anataka dawa leo leo, kesho ana harusi, kichwa kina vidonda. Niweke?

Usiweke. Rilaksa, iwe ile yenye sodiamu haidroksaidi au ile unayoichanganya mwenyewe wanayoiita "haina lai" (lai ndo hiyo sodiamu haidroksaidi), ni kemikali kali, pH yake iko 12 kwenda juu, inafungua vile vifungo vya salfa ndani ya unywele ndo maana nywele inanyooka na haijirudi. Kinachoweza kuyeyusha unywele kinaweza kuchoma ngozi, na ngozi yenye kidonda au iliyotoka kukwaruzwa na chanuo haina ulinzi. Ndo maana mteja wa dawa tunamwambia asikune kichwa, asioshe nywele siku hiyo na asitoke kufumua rasta asubuhi akaweka dawa mchana.

Namna ninavyofanya mimi: nawasha taa, nagawa kichwa sehemu nne, napitisha kidole kwenye kila mstari naangalia na kumuuliza "hapa je". Kama safi napaka mafuta mgando kwenye ngozi, pembeni na masikioni. Glavu. Naanzia kisogoni na katikati palipo pagumu, pembeni mbele naweka mwisho kabisa kwa sababu zile nywele ni laini na zinapikika haraka. Kwa kurudishia naweka kwenye zilizoota tu, usipitishe dawa hadi kwenye ncha, zile zilishaiva, na usirudishie kabla ya wiki nane hivi maana nywele inaota kama sentimita moja tu kwa mwezi, utaweka dawa juu ya dawa. Saa naiweka mbele yangu, muda ulioandikwa kwenye kopo ndo muda. Akisema inawasha namaanisha INAWASHA unaenda sinki saa hiyo hiyo, hakuna "vumilia kidogo inashika".

Alafu suuza na maji mengi kuliko unavyodhani, kisha ile shampuu ya kuondoa dawa. Nyingi zinageuka pinki kama dawa bado ipo, kwa hiyo osha, angalia povu, osha tena, mpaka povu liwe jeupe kote, na usisahau nyuma ya masikio na shingoni. Wanaokatika nywele wiki mbili baadaye wengi ni hapa, dawa ilibaki ikaendelea kupika taratibu.

Huyo wa harusi kesho mpe wigi zuri au mbane nywele kwa jeli, apendeze, aje baada ya vidonda kupona. Na watoto wadogo usiwawekee dawa, mama yake aongee anavyoongea.

Eti dawa ya nywele inaleta kansa?

Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2022, waliwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000, waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata kansa ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Kwa namba zao, kufika miaka 70 ni kama asilimia 1.64 kwa wasiotumia na 4.05 kwa watumiaji wa mara kwa mara. Kwa hiyo wengi hawapati, ila tofauti ipo na haijasemwa kwamba dawa yenyewe ndo imethibitishwa kuwa chanzo. Mteja akiniuliza namwambia hivyo hivyo nilivyoandika hapa, anaamua.

Lakini swali ambalo hamuulizi ni la sisi wenyewe. IARC, wale wa saratani walio chini ya WHO, wameiweka kazi ya ususi na unyozi kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani, kwa sababu ya kemikali tunazoshika na kuvuta kila siku. Mteja anakaa na dawa saa moja miezi miwili miwili, wewe uko nayo kutwa. Zile za keratini za kunyoosha kwa pasi ndo mbaya zaidi, nyingi zikipata moto zinatoa formaldehaidi, ule moshi unaokutoa machozi. Kama saluni yako ni fremu yenye mlango mmoja na dirisha limezibwa na bango, usifanye keratini humo. Feni peke yake inazungusha ule moshi tu, lazima kuwe na pa kutokea. Na glavu za naitraili ni bora kuliko zile laini za mpira kwa rangi za nywele.

Nywele za pembeni zimeng'oka, nisukie nini?

Kwa muda huo, hakuna. Au mabutu makubwa yaliyolegea bila rasta. Nywele zikivutwa muda mrefu mzizi unachoka, mwanzoni ukiacha zinarudi, ukiendelea kuvuta kwa miaka panakuwa na kovu na hapo hazirudi tena hata upake mafuta ya nani. Dalili mnazijua, vipele vyeupe kwenye mstari wa mbele siku ya pili, kichwa hakilali kwenye mto, nyusi zimevutwa juu. Mteja akikwambia "kaza zikae muda mrefu" mwambie ukikaza zinakaa na nywele zake hazikai. Notlesi zinasaidia kidogo kwa sababu unaanza na nywele yake mwenyewe alafu unaongeza rasta taratibu, uzito haukai kwenye mzizi, ila ukisuka notlesi nzito za kiunoni umerudi kulekule. Wiki sita hadi nane fumua, mwezi wa nne kichwani ni balaa.

Rasta zinawasha kichwa kizima, ni mzio?

Mara nyingi ni ile dawa inayopakwa kwenye rasta kiwandani. Loweka rasta kwenye maji yenye siki nyeupe, utaona utando mweupe unaelea, suuza, anika, suka. Kama bado inawasha na vipele vinatoka, fumua tu.

Kuna duara jeupe kichwani kwa mtoto, nywele zimekatika. Nisuke kwa kuzunguka?

Hayo ni mapunye, ni fangasi, yanaambukiza kwa chanuo, taulo, kofia, mashine. Usimsuke, mpeleke hospitali apewe vidonge, krimu peke yake haifiki kwenye mzizi wa nywele. Mwambie mama mtu faragha jamani, sio unatangaza saluni nzima.

Vifaa nasafisha na nini?

Chanuo: toa nywele, osha kwa sabuni, ndo uloweke kwenye Jik, kipimo kimoja cha Jik ya 3.5% kwa vipimo sita vya maji, dakika 10, suuza, kausha. Ukiloweka chanuo lenye mafuta na nywele hujafanya kitu. Vya chuma Jik inavila kutu, kwa hiyo mashine za kunyolea na mikasi piga brashi, futa na spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe, tia tone la oili. Wembe ni mmoja mtu mmoja, pamoja na wa kutinda nyusi, hapo hakuna mjadala. Watu wanaogopa ukimwi tu ila virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba hata zaidi kwenye kitu kilichokauka damu usiyoiona. Chanjo ipo, dozi tatu, kachanje, wewe ndo unajikata na wembe kila wiki.

Piko, kope, mekapu?

Hina ya majani haina shida. Piko nyeusi inayowekwa kwenye ngozi mara nyingi ni rangi ya nywele, ina kemikali inaitwa PPD, kuna watu inawatoa malengelenge ya umbo la ua lenyewe na baada ya hapo hawawezi kutumia rangi ya nywele maisha yao yote. Rangi ya nywele pia jaribu nyuma ya sikio, subiri masaa 48. Kope za bandia, gundi isiguse ngozi na asilale nazo wiki nne bila kusafishwa. Mekapu ya bibi harusi fanya jaribio kabla ya siku, na mpige picha nje kwenye jua, sio kwenye ile taa yako.

Wateja wananiomba mkorogo, nikikataa wanaenda kwa jirani.

Waende. Vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku, vipodozi sikuhizi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na wakipita wakakuta makopo hayana lebo kwenye kabati lako hawatamuuliza jirani. Zebaki inaenda kwenye figo, na wewe unayeichanganya kwa mkono unaivuta vilevile.

Mgongo na vidole vinaniua.

Kiti cha mteja kishuke au wewe upande, shingo yako isiiname kutwa. Kaa kwenye stuli kwa kazi za nyuma. Kila baada ya saa simama, kunja na kunjua vidole. Ganzi kwenye dole gumba na vidole viwili vya pembeni yake hasa usiku usiipuuze, nenda hospitali mapema.

Kuna mtu kaniambia kuna kazi ya saluni Oman, Dubai. Na Marekani je?

Uarabuni, usipande ndege na viza ya matembezi kwa ahadi ya "tutabadilisha ukifika". Mkataba uuone kabla, uandikwe kazi ni saluni (kuna waliofika wakakuta ni kazi za ndani), mshahara, masaa, siku ya kupumzika, pa kulala, na nani anakaa na pasipoti. Pita TaESA, huduma za ajira za serikali, uliza hiyo wakala inajulikana. Marekani kila jimbo na sheria yake, kwingine kusuka tu kunahitaji leseni, kwingine hapana, Texas kwa mfano waliondoa leseni kwa wasusi wa rasta mwaka 2015, ila ukigusa dawa au rangi leseni ya kosmetolojia inahusika. Dada zetu walioko kule wengi wameanzia sebuleni kwao, uliza sheria ya jimbo lako kwanza.

Naweza kukutumia picha ya kichwa changu uniambie?

Tuma, ila nywele ziwe kavu, bila mafuta, mchana karibu na dirisha, picha nne, mbele, pande mbili na kisogoni, na uniambie mara ya mwisho dawa au rasta ilikuwa lini. Usinitumie yenye filta. Kama kuna kidonda, usaha au duara limekatika nywele usinisubiri mimi, nenda zahanati, maana ntakujibu hivyo hivyo. Na bei siwezi kukupa kwa picha, usiulize.